Muulize Muuguzi: Asubuhi Mzima, Jioni Mgonjwa

Toleo lililopita nilipokuwa nikijibu swali la macho mazito, nilidokeza kwa sentensi moja tu kwamba mie mwenyewe naishi na miastenia gravisi, ugonjwa wa misuli kuchoka upesi, tangu 2003. Sikujua nimefungua mlango gani. Barua zilizokuja zimezipita hata zile za presha na sukari, na nyingi zinaanza na neno lilelile: "kumbe". Kumbe ina jina. Kumbe si mimi peke yangu. Basi leo safu nzima nimewaachia. Kwa wasionijua, niliuguza wodini miaka 34, nimestaafu, nakaa Tanga. Ninayoandika hapa hayachukui nafasi ya daktari anayemwona mgonjwa wake kwa macho.

Shikamoo mama. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, ana miaka 29. Ilianza kope la kushoto kulala, kisha akawa anaona vitu viwiliviwili. Tulipokwenda kwa macho wakampa miwani. Sasa ikifika kipindi cha tano sauti inatokea puani, wanafunzi hawamsikii. Akioga maji ya baridi na kujilaza kidogo anaamka mzima. Juzi hospitali ya rufaa wametuambia ni miastenia. Mama yangu anasema ni jini. Dada zangu wanasema anajifanya ili asipike, maana asubuhi wanamwona yuko sawa. Ugonjwa huu ni kitu gani hasa? — Mume wa mwalimu, Muheza

Marahaba mwanangu. Dada zako siwalaumu sana, kwa sababu hata mie muuguzi nilidhani najifanya.

Ugonjwa wangu niliujua kwa nazi. Nakaa juu ya mbuzi, nakuna, nusu ya kwanza inakwenda vizuri. Nikishika nusu ya pili mkono unakuwa si wangu. Hauumi, haufi ganzi, unakataa tu. Nikipumzika robo saa unarudi, nikikuna kidogo unakataa tena. Nikaanza kupika tui jepesi, wanangu wakalalamika. Halafu ikaja zamu ya taya. Nakula ugali nimeshika kidevu kwa mkono wa kushoto ili mdomo ufunge. Siku niliyokunywa maji yakatokea puani, niliacha kula mbele za watu.

Hospitali nilikwenda mara nne. Siitaji, wengine ni majirani zangu mpaka leo. Sasa fikiria: kliniki zetu ni za asubuhi. Umelala usiku kucha, umefika saa 1, umekaa benchi mpaka saa 3, misuli yote imepumzika, unaingia kwa daktari mzima kama kigori. Inua mikono, unainua. Tazama huku, unatazama. Safari ya tatu iliandikwa "wasiwasi" nikapewa vidonge vya usingizi. Dawa za namna hiyo hulegeza misuli na kupunguza pumzi, na mgonjwa wetu pumzi yake ndiyo ya kuchungwa. Usiku ule nililala nimeketi, mito mitatu mgongoni.

Aliyenigundua alikuwa daktari kijana aliye kwenye mafunzo, hata mwaka hajamaliza. Alinikuta zamu ya jioni, saa 12 inakaribia, nasoma faili kwa jicho moja na lingine nimelifunika kwa kiganja. Akanikalisha. Akaniambia nitazame dari nisishushe macho. Haikutimia dakika, kope la kulia likashuka taratibu kama pazia lililokatika uzi. Akaenda kwenye friji la wodi, akavunja barafu, akaijaza kwenye glavu, akaipiga fundo, akaizungushia shashi, akaniwekea juu ya kope nikiwa nimefumba. Dakika mbili, kwa saa ya ukutani. Alipoiondoa, jicho lilikuwa wazi. Maji yananitiririka shavuni mpaka kwenye kola ya sare, na yule kijana anainama kushoto, anainama kulia, anapima kope kwa rula ya plastiki ya kwenye meza ya zamu.

Maana ya barafu ile utaipata nikikueleza kinachotokea ndani. Hapa Tanga tulizoea kuona meli zinatia nanga mbali, matishari yanaleta mzigo gatini. Chukua mfano huo. Ubongo ukitaka mkono uinuke, mshipa wa fahamu unamwaga kemikali iitwayo asetilikolini kwenye mwanya mwembamba uliopo kati yake na msuli. Upande wa msuli kuna gati za kupokea mzigo huo, ndizo vipokezi. Kwa mkeo, kinga ya mwili ambayo kazi yake ni kupiga vijidudu imekosea adui: imetengeneza kingamwili zinazoziba gati zile na kuzibomoa. Tishari la kwanza linapata pa kufunga, la pili linapata, la kumi linabaki linaelea. Ndiyo maana nusu ya kwanza ya nazi inakunika. Kwenye mwanya huo pia kuna mfagiaji, kimeng'enya kinachoifagia asetilikolini upesi. Baridi humfanya mfagiaji huyo awe mvivu, mzigo ukakaa zaidi, kope likanyanyuka. Kidonge cha piridostigmini kinafanya kazi hiyohiyo bila barafu: kinamfunga mfagiaji mikono. Lakini gati hakijengi hata moja. Kuzituliza hizo kingamwili ni kazi ya prednisoloni, azathioprini na jamaa zake.

Kwa hiyo akili ya mkeo iko sawa, hisia za ngozi ziko sawa. Ni msuli tu unaochoka kabla ya wakati, tena ile inayofanya kazi mfululizo ndiyo ya kwanza: kope, macho, taya, koo, mikono.

Kuhusu jini, mhadithie mama yako hivi. Zamani huko Calabar, Nigeria, mtu akituhumiwa uchawi alilishwa kiapo cha maharagwe yenye sumu. Akitapika akapona, si mchawi, akifa, ndiye. Kwenye maharagwe hayo wataalamu walipata dawa iitwayo fizostigmini. Mwaka 1934 daktari mmoja mwanamke, Mary Walker, akiwa hospitali ya St Alfege's, Greenwich, London, alimdunga dawa hiyo mgonjwa wa miastenia wa miaka 56, na kope lililolala likafunguka. Alishaona kwamba wagonjwa hawa wanafanana na mtu aliyepigwa kwa kurare, sumu ya mishale ya wawindaji wa Amerika ya Kusini, na fizostigmini ilijulikana kuwa kiuasumu chake. Kidonge anachomeza mkeo ni cha ukoo uleule. Mama yako akisikia kwamba dawa imetoka kwenye kiapo cha wachawi, huenda akaiheshimu kuliko maneno yangu na yako.

Dada zako waalike saa 1 usiku, si asubuhi. Mkeo ahesabu kwa sauti kuanzia moja hadi hamsini. Wasikilize sauti inavyobadilika akifika thelathini. Na wewe mpige video jioni kwa simu yako, kope, sauti, anavyoinua kikombe, uende nayo kliniki. Laiti mie ningekuwa na simu ya namna hiyo 2003.

Kazini, mwombe mwalimu mkuu ampe vipindi vya mwanzo. Kuandika ubaoni kunamchosha kuliko kusema, maana mkono unakaa juu ya bega; aandike kwenye karatasi za manila siku moja kabla akiwa ameketi, darasani abandike tu. Chakula kizito ale mchana dawa ikiwa imekolea, jioni apate kitu laini, mtori au bokoboko. Kaskazi ikianza kuvuma Desemba, mtarajie kulegea zaidi, joto na ugonjwa huu haviivani. Hayo maji ya baridi anayooga ni akili, aendelee.

Jambo moja uliza ukirudi rufaa: je, amepigwa picha ya kifua ya CT? Nyuma ya mfupa wa kidari kuna tezi iitwayo thaimasi, na kati ya wagonjwa 100 wa miastenia, 10 hadi 15 huwa na uvimbe kwenye tezi hiyo. Uvimbe ukiwepo unatolewa. Hata usipokuwepo, kwa vijana wenye kingamwili za vipokezi operesheni husaidia wengi. Utafiti wa wagonjwa 126 uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliotolewa thaimasi walikuwa na nguvu zaidi na walihitaji prednisoloni kidogo kuliko wenzao katika miaka 3. Faida yake huja polepole, asitarajie kuamka mpya kesho yake. Na kipimo cha damu cha kingamwili kikitoka safi, bado ugonjwa unaweza kuwepo. Wapo wasioonekana kwenye kipimo hicho, wanapatikana kwa kipimo cha umeme wa misuli.

Habari mama. Natumia piridostigmini miligramu 60, kidonge kimoja mara tatu. Nguvu zikipungua huwa naongeza mwenyewe. Wiki iliyopita nilifika vidonge 12 kwa siku. Tumbo linaendesha, mate yanajaa mdomoni, misuli inarukaruka, na nguvu zenyewe sizioni. Pia nilianzishiwa prednisoloni, siku ya sita nikazidi kulegea, nikaiacha. — Kijana wa Ilala

Mwanangu, ukimaliza kusoma mstari huu nenda hospitali, mengine utayasoma kwenye foleni.

Dawa hii ikizidi, msuli unalegea vilevile kama ikipungua. Mtu anaona amelegea, anaongeza. Anazidi kulegea, anaongeza tena. Mate, jasho, kuendesha na misuli kurukaruka ni dawa inayokwambia imejaa. Vidonge 12 ni miligramu 720, na mtu wa kukupandisha huko ni daktari, si wewe na sufuria yako ya uji. Tena kama ulikuwa unahitaji nyingi hivyo, maana yake kidonge hiki peke yake hakikutoshi, unahitaji dawa ya kutuliza kinga. Ndiyo hiyo uliyoiacha.

Prednisoloni ina tabia mbaya ya mwanzo: wiki ya kwanza au ya pili inaweza kumlegeza mgonjwa kabla ya kumwinua. Ndiyo sababu madaktari wengi huanza na dozi ndogo na kupanda ngazi kwa ngazi, na walio na shida ya kumeza au kupumua huanziwa wakiwa wodini. Ulipaswa kuambiwa. Kama hukuambiwa, si kosa lako, lakini umeshajua sasa. Ukishaitumia kwa wiki kadhaa usiikate ghafla kamwe, mwili unakuwa umeacha kutengeneza ya kwake. Itakupa njaa, itakutia mashavu, itapandisha sukari na presha, mifupa itahitaji uangalizi. Baadaye daktari anaweza kukuongezea azathioprini ili prednisoloni ipunguzwe, ila hiyo ni dawa ya subira: miezi 6 hadi mwaka, wakati mwingine na zaidi, ndipo uone kazi yake, na njiani utapimwa damu na ini. Wengi huiacha mwezi wa tatu wakisema haifanyi kitu.

Piridostigmini ni dawa ya saa. Huanza kazi baada ya nusu saa hadi dakika 45, hudumu saa 3 au 4 hivi. Yangu mie ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 na saa 12 jioni, na kitu kidogo tumboni, mkate au kiazi, ili lisinikate. Chakula chenyewe nakula nusu saa baadaye. Ukila kwanza ukameza dawa baadaye, unatafuna kwa taya la jana.

Sasa la kushika zaidi ya yote. Sauti ikilowa kama mtu anayeongea na maji kooni, ukikabwa na mate yako, ukishindwa kuinua kichwa kutoka kwenye mto wa kulalia, ukishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, hiyo si ya kesho. Kile kidude cha kubana kidoleni kisikudanganye. Oksijeni inaweza kusoma vizuri mpaka dakika za mwisho, kwa sababu mapafu yako ni mazima, kinachochoka ni misuli ya kuyavuta. Kipimo cha nyumbani ni hesabu: vuta pumzi yote, hesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine. Vitabu vya Kizungu vinasema mzima hufika karibu 50, na chini ya 20 ni hatari. Lakini wao wakisema 18 ni silabi mbili, sisi "kumi na nane" ni tano! Kwa hiyo usijilinganishe na kitabu, jilinganishe na wewe mwenyewe. Mie siku njema nafika 27. Nikishindwa kuvuka 15 nampigia mwanangu alete gari. Hospitali wana njia za kunusuru: kubadilisha utegili, yaani yale maji ya damu yaliyobeba kingamwili, au dripu ya kingamwili za wachangiaji, na mashine ya kupumulia wakati dawa inafanya kazi. Ni ghali na hazipo kila mahali, ndiyo maana uwahi, upate muda wa kusafirishwa.

Shikamoo mama. Mdogo wangu wa kiume ana ugonjwa huo mwaka wa nne, alikuwa anaendelea vizuri. Alipata homa, zahanati moja huku wakasema malaria, wakamtundikia dripu ya kwinini. Jioni yake hakuweza kumeza mate. Tukamkimbiza, akalazwa siku tisa. Alipotoka akaandikiwa sipro kwa kifua. Nimeogopa kumpa. — Dada mkubwa, Geita

Marahaba. Ulivyoogopa ndivyo. Usimpe, rudi ubadilishiwe.

Kwinini hulegeza pale pale mshipa unapokutana na msuli. Mzima haoni kitu, mgonjwa wa miastenia anaweza kufikishwa kwenye mashine. Ni mwiko kwake, na klorokwini nayo si rafiki. Siku hizi malaria kali hutibiwa kwanza kwa sindano ya artesuneti, basi mna haki ya kuiuliza kwa adabu: "Daktari, artesuneti ipo?" Lakini pia msiache malaria bila tiba kwa kuogopa dawa; homa yenyewe, ya malaria, ya kifua au ya mkojo, ndiyo kichocheo kikubwa cha mgonjwa kuanguka. Apimwe, atibiwe upesi, aangaliwe pumzi kwa siku hizo.

Nyingine za kujihadhari nazo ni gentamisini, ile sindano iliyozoeleka sana. Siprofloksasini, ndiyo hiyo sipro, na ndugu zake wote wenye jina linaloishia "floksasini". Erithromaisini na azithromaisini, ile ya vidonge vitatu watu wanayonunua dukani kama pipi. Propranololi na atenololi za presha. Na magnesi, yaani magnesiamu salfeti, ya mshipani. Baadhi yake daktari anaweza kulazimika kuzitumia akiwa na mashine karibu. Duka la dawa la mtaani halina mashine. Amoksisilini na parasetamoli kwa kawaida hazina shida naye. Akienda kung'oa jino au kupasuliwa, hata jipu, aseme kwanza, maana dawa za kulegeza misuli za chumba cha upasuaji kwake zina hesabu nyingine.

Mtengenezee kadi. Yangu niliandika kwa mkono, nikaipeleka stesheneri ikapigwa laminesheni, inakaa nyuma ya kitambulisho cha taifa: "Nina miastenia gravisi. Natumia piridostigmini na azathioprini. Nisipewe kwinini, gentamisini, sipro, azithro wala magnesi kabla ya kumpigia daktari wangu, namba hii hapa. Nikishindwa kupumua, si pumu." Hilo la mwisho niliongeza baada ya kupewa dawa ya pumu ya kuvuta mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa sina pumzi ya kubisha.

Assalaam aleikum Bi Muuguzi. Mimi nina miaka 31, nina miastenia ya miaka mitano na sasa nina mimba ya wiki 14. Natumia piridostigmini na prednisoloni kidogo. Mamangu ananiambia niziache zote nisimdhuru mtoto. Je, nitajifungua kawaida? — Mama mtarajiwa, Likoni

Waaleikum salaam mwanangu, na hongera. Usiache. Mama aliyelegea na kukosa pumzi ni hatari kwa mtoto kuliko vidonge hivyo viwili, ambavyo hutumika katika ujauzito chini ya uangalizi. Mwambie mama akusomee maulidi, dawa amwachie daktari. Zilizo mwiko kabisa kwa mwenye mimba ni mikofenoleti na methotreksati. Kama uliwahi kupewa mojawapo kabla, mweleze daktari leo.

Kujifungua kwa njia ya kawaida inawezekana, wengi wamejifungua hivyo. Msuli wa mji wa mimba si wa aina inayoguswa na ugonjwa huu, kwa hiyo uchungu utakwenda mwendo wake. Kazi ipo mwisho, kwenye kusukuma, hapo unatumia misuli inayochoka. Mkunga ajue mapema, huenda akakusaidia kwa kifaa cha kuvuta. Jifungulie hospitali kubwa yenye chumba cha watoto wachanga, usishawishike na ya jirani kwa sababu nesi ni shangazi yako.

Mambo mawili yaandikwe kwa wino mwekundu kwenye kadi ya kliniki. Kwanza, kifafa cha mimba: dawa yake ya kila siku wodini ni magnesi, nayo nimeshaitaja hapo juu. Daktari wa wajawazito na wa mishipa ya fahamu waelewane kabla, ili usiku wa manane mtu asikimbilie kabati. Pili, mtoto. Kingamwili zako zinaweza kuvuka kwenye kondo, na katika kila watoto 10 wa akina mama kama wewe, mmoja au wawili huzaliwa wamelegea au hulegea ndani ya siku za mwanzo: kilio chembamba kama cha paka, ananyonya mara tatu analiacha titi. Anatibiwa, na ndani ya wiki chache kingamwili zikiisha damuni mwake anakuwa mtoto kama wengine. Kwa hiyo usiwahi kuruhusiwa siku ya pili, hata kama mmezoea hivyo nyumbani.

Bi mkubwa, salaam. Nina miaka 71, kope na kumeza ndiyo shida yangu. Ramadhani inakuja. Nimefikiri nimeze kidonge daku na kingine futari, katikati nivumilie. Nimefunga miaka yote tangu utoto. — Mzee wa Pangani

Shikamoo kaka. Kutoka daku hadi futari kwetu ni zaidi ya saa 13, na kidonge kinakaa saa 3 au 4. Ikifika adhuhuri umebaki mtupu, ikifika alasiri hata mate yana kazi. Halafu ufuturu kwa taya lisilo na dawa, tende ikukwame. Mtu wa miaka 71 akikabwa, chakula kinaingia mapafuni, ndiyo nimonia hiyo.

La hukumu muulize sheikh wako, la kidonge niulize mie. Ila nawe unaijua Al-Baqara, aya ya 184 na 185, mgonjwa ametajwa humo kwa jina lake, na fidia ya kumlisha maskini imetajwa. Mie nilipoacha kufunga nililia, sikufichi. Sasa kila Ramadhani napika mimi mwenyewe futari ya nyumba mbili za jirani zangu, tambi na uji wa pilipili manga, nimeketi kwenye kigoda, saa 9 mpaka saa 10 dawa ikiwa juu. Na kama sijda inakukatalia, swali umeketi.

Bibi, mama yangu amekataa kwenda harusini kwa sababu ya kope. Anasema anaonekana amelewa. Kuna la kufanya siku moja tu? — Binti, Kisosora

Lipo. Kata kipande chembamba cha plasta ya karatasi, ile nyepesi isiyovuta ngozi, abandike kope juu usawa wa mkunjo wake, kisha wanja unaficha. Asizidishe saa moja mfululizo bila kuibandua na kufumba, jicho litakauka. Awe na dawa ya matone ya kulowesha. Akiona vitu viwiliviwili, bandika tepi ya kufifisha ndani ya kioo kimoja cha miwani, ubongo utashughulika na jicho moja tu. Kidonge ameze nusu saa kabla ya kutoka nyumbani, akae karibu na feni, na mapambio apokelewe na wewe.

Harusi ya mwisho mie nilikwenda na miwani ya giza, saa 4 usiku, ukumbini. Nikasikia meza ya nyuma wanasema bibi huyu anajidai. Niliwageukia nikawapungia mkono, mara mbili tu, wa tatu niliuweka akiba wa kulia pilau.